Nadhiri ya Kambale

Mbinga, 18 Februari, Jumatano ya Majivu

Nicholaus wangu,

Tangu tukuzike mwezi wa kumi na moja sijaandika kitu. Leo nimeanza kukuandikia kwa sababu mji huu umenijaza dharau na sina wa kumwambia. Ungekuwepo, wewe ungewasema watu, mimi ningekukataza, na mambo yangeishia hapo. Sasa hakuna wa kumkataza, kwa hiyo nayasema mwenyewe.

Asubuhi tumepakwa majivu. Padre akasema tubadilike. Watu wakatoka kanisani na vipaji vya uso vyeusi, wakaenda moja kwa moja kwenye meza ya Stephano sokoni kununua samaki wa Kwaresima.

Ziwa limechafuka wiki ya pili sasa, magari ya samaki hayapandi kutoka huko chini. Lakini meza ya Stephano imejaa kambale wa moshi, weusi, mkia umekunjwa ukaingizwa mdomoni.

"Wa Nyasa hawa, Mama Jacqueline! Wametoka Mbaha jana!"

Mbaha, Nicholaus. Kwenu. Anamwambia hivyo mtu aliyeolewa Mbaha. Akageuka kumwita mteja mwingine.

Wanatoka kwenye shimo la kifusi, na hakuna asiyejua. Ni lile shimo walilochimba udongo wakati wa kujenga barabara ya lami, wakaondoka bila kulifukia. Lilijaa mvua, mtu akatupia kambale wadogo, wakazaana. Sasa mfereji wa magereji unamwagikia humo: oili chafu, maji ya machinjio, na yale maji makali ambayo mafundi wanamwaga wakipasua betri za zamani. Wenye kahawa nao wanasuuzia humo bomba zao za dawa. Jua likitoka, maji yale yanang'aa rangi rangi kama shingo ya njiwa. Ni mazuri kutazama. Labda ndiyo maana wanaona yanafaa kuliwa.

20 Februari, Ijumaa

Mtaa wote unanuka, na si harufu ya samaki. Ni kama mtu amemwagia mafuta ya taa kwenye jiko la mkaa. Mimi nimepika maharage.

21 Februari

Mvua. Bati linavuja palepale.

24 Februari

Jacqueline amekuja. Binti yetu ananenepa vizuri, mimba ina miezi sita. Allen wake yuko Ngaka na lori la makaa ya mawe, anarudi akipenda msimamizi. Kwa hiyo mtoto wetu anaishi na mama mkwe wake, Getrude, anakula anachopika Getrude.

"Mama, kule kwetu hatuli nyama mpaka Pasaka," aliniambia.

"Siku za Ijumaa."

"Siku zote. Mama mkwe ameweka nadhiri kwa ajili ya mtoto, ili azaliwe salama. Nyumba nzima hatuonji nyama. Tunakula samaki."

"Samaki wa wapi?"

Akatazama kucha zake. "Mama, na wewe. Samaki wa sokoni."

Sikulala vizuri. Unajua desturi: mama wa binti haingii jikoni kwa wakwe zake mpaka mjukuu wa kwanza azaliwe. Ukumbini naruhusiwa, tena na chai naletewa. Chungu kinachompikia mwanangu ndicho siruhusiwi kukifunua.

27 Februari, Ijumaa

Baada ya Njia ya Msalaba nilimsubiri Getrude chini ya ukuta wa kanisa. Yeye ndiye mwenyekiti wa akina mama wa jumuiya yetu, hatoki haraka, lazima kila mtu amsalimie. Alipofika nilimwambia polepole, kama nilivyofundishwa kuongea na wakwe.

"Mkwe, wale kambale ni wa shimoni. Mtoto ana mimba."

"Nani amekuambia ni wa shimoni?"

"Pua."

Wenzake wakacheka. Yeye hakucheka. "Mkwe wangu, wewe umeolewa ziwani, kila samaki asiyevuliwa na shemeji zako unamwona mchafu. Kambale ni kambale. Anakauka kwenye moshi siku mbili, uchafu gani utabaki?"

"Oili haikauki, mkwe."

"Mungu anaona nia," alisema, akajifunga kanga upya.

Nilirudi nyumbani nikimwaza Mungu huyo wa Getrude. Anaona nia. Shimo lenye ukubwa wa uwanja wa mpira halioni.

3 Machi

Nimemfuata Stephano mapema kabla wateja hawajajaa. Nilimwomba asimuuzie Getrude. Nilimwomba kwa heshima, kana kwamba mimi ndiye mkosaji.

"Mama Jacqueline," alisema, "mimi silazimishi mtu. Ona, kuna mtu nimemshika mkono?"

"Wewe unawala hawa?"

Alicheka mpaka akakohoa. "Mimi? Mimi nyumbani kwangu ni maharage na mboga, mama. Samaki nawauzia tu watakatifu."

Mwenzake wa meza ya pili, muuza nyanya, naye akacheka. Hata mimi nilitaka kucheka, Nicholaus, hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Angalau yeye hajidanganyi.

4 Machi

Ukungu mpaka saa tano. Nimepalilia kwenye ngolo za juu, yale mashimo ya kilimani. Maharage yamechanua.

5 Machi

Leo nimekumbuka ulivyokuwa unanitolea miiba ya mbasa, wale samaki wa kwenu, unaipanga ukingoni mwa sahani kwa urefu, mfupi kwa mrefu, kama watoto kwenye foleni ya shule. Sikuwahi kukuuliza kwa nini unaipanga.

6 Machi

Leo ilikuwa siku ya kliniki. Nilimsindikiza Jacqueline, na Getrude naye alikuja, maana nadhiri inamfuata mtoto popote. Jacqueline alimwambia muuguzi kwamba tumbo linamsokota, hapati choo, na mdomoni anasikia ladha kama amelamba msumari. Muuguzi, binti mdogo mwenye miwani, aliuliza anakula nini. Jacqueline akamtazama mkwe wake. Mkwe akatazama dirisha. Nikasema mimi.

Muuguzi aliweka kalamu chini. Alieleza bila kupandisha sauti: ndani ya betri kuna madini ya risasi. Kambale anaishi kwenye tope, analila tope hilo. Moto unaua minyoo, lakini risasi haiungui wala haikaushwi na moshi. Ikiingia kwa mama inakaa kwenye mifupa, na kutoka humo inamfikia mtoto. Inaweza kumharibia akili kabla hajazaliwa. Hapa hawana kipimo chake, alisema, kwa hiyo dawa ya kwanza ni kuacha.

Nilidhani yameisha. Tukatoka nje, Getrude akafungua mwavuli.

"Yule nesi ni Mlutheri," alisema.

"Ndiyo nini, mkwe?"

"Nasema tu. Hawezi kujua mambo ya nadhiri."

10 Machi

Ofisini kwa bwana afya. Nilingoja kwenye benchi mpaka kanga yangu ikakauka mwilini. Ananiita "bibi" na mimi si bibi bado.

"Bibi, kuna mtu amekufa?"

"Hapana."

"Kuna mtu amelazwa?"

"Bado."

"Sasa mimi niandike nini?" Akafungua mikono kama padre altareni. Halafu akaniambia kwamba shimo lenyewe lina utata, maana nusu yake ni kata hii, nusu ni kata ya jirani, na kambale hawana mpaka. Alikipenda sana kichekesho chake, akakirudia kwa mwenzake wa meza ya pembeni. Akaahidi kuweka kibao cha onyo shimoni.

13 Machi, Ijumaa

Jumuiya imefanya tendo la huruma la Kwaresima. Walikuja kwa kuimba, Getrude mbele, wakasimama barazani. Wameamua mwaka huu kuwakumbuka wajane. Wakanikabidhi zawadi iliyofungwa kwenye gazeti. Sikuhitaji kufungua, gazeti lilikuwa limeshalowa mafuta.

Nilipokea kwa mikono miwili. Nikasema asante. Wakaniimbia wimbo mwingine.

Walipoondoka nilichimba shimo refu nyuma ya choo nikawafukia kambale wao. Rukaiya, yule jirani wa duka, mama yake wa Tanga, alikuwa ameegemea ukuta ananitazama. Yuko kwenye mfungo wa Ramadhani, midomo imekauka, lakini ulimi haufungi.

"Unazika nini, Mama Jacqueline?"

"Huruma ya jumuiya."

"Ninyi watu," alisema. "Mnafunga nyama, mnafuturu betri."

Ni mara ya kwanza nimecheka tangu ulipoondoka. Nilicheka na jembe mkononi mpaka machozi yakanitoka, halafu yakaendelea kutoka.

16 Machi

Mvua. Mvua. Jacqueline hajaja.

17 Machi

Kibao kimewekwa. KUVUA NI MARUFUKU. Nimepita kukiona. Wavuvi wanatundika mashati yao hapo.

21 Machi, Jumamosi

Idi. Rukaiya ameniletea pilau, sinia zima, na vipande vya mbuzi juu. Na Jacqueline akaingia wakati huohuo, amelowa, uso umekuwa mwembamba wakati tumbo linakua. Alisimama akinusa.

"Mama, ni nyama?"

"Ni nyama."

"Nadhiri."

"Nadhiri ni ya mkwe wako. Wewe umeapa?"

"Sijaapa."

Alikula amesimama, kwa mkono, bila kunawa vizuri. Sijawahi kumwona akila hivyo hata akiwa mtoto. Sikumlazimisha, Nicholaus, lakini pia sikumzuia, na nilimwongezea.

Jioni Getrude alimnusa iliki mikononi. Nimepata habari kwa watu: amepiga magoti katikati ya ukumbi wake na kulia kwa sauti kwamba nadhiri imevunjwa, na kwamba mtoto akidhurika, damu iko kwangu.

22 Machi, Jumapili

Kanisani benchi langu lilikuwa na nafasi kushoto na kulia. Nimekaa kwa raha.

26 Machi, Alhamisi

Imetokea juzi usiku na sasa tu ndiyo nimepata nguvu ya kuandika.

Jacqueline alianza kuumwa tumbo, akatapika, akaona damu kidogo. Wakamkimbiza hospitali, mimi nikaitwa asubuhi. Nilimkuta amelala ubavu, amefumba macho, midomo myeupe. Getrude ameketi kwenye stuli na rozari. Hakunisalimia. Wanawake wawili wa jumuiya walikuwa mlangoni, na mmoja akasema kwa sauti ya kunong'ona inayosikika mpaka wodi ya wanaume: "Ni ile pilau."

Ile pilau. Mtoto amelishwa oili na betri tangu Majivu, siku baada ya siku, asubuhi na jioni, na kilichomdhuru ni pilau ya Rukaiya, wali safi uliopikwa kwa maji ya bomba na mbuzi aliyechinjwa mbele ya nyumba. Mji mzima umekubali. Nimepita sokoni kununua machungwa, nimeulizwa na watu watatu kama ni kweli nilimlisha nyama. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza kuhusu kambale, na mmoja wao alikuwa amemshika kambale mkononi.

Nilijua watu ni wavivu wa kufikiri. Sikujua kwamba uvivu huo una bidii namna hii.

Daktari anasema damu ya Jacqueline imeshuka sana, lakini mtoto anacheza, moyo wake unasikika. Alipouliza juu ya chakula, muuguzi mwenye miwani alimjibu kabla sijafungua mdomo. Daktari akamgeukia Getrude. "Mama, hao samaki mwisho leo." Getrude akasema, "Sawa daktari," kwa ile sauti ambayo watu wa kwetu wanatumia kumwambia mtaalamu sawa.

Kwa hiyo nilijua akirudi nyumbani ataendelea kulishwa.

28 Machi, Jumamosi

Jana jioni tulitoka hospitali pamoja, mimi na Getrude, kwa sababu mvua ilikuwa imeondoa bodaboda zote na mwavuli ulikuwa mmoja, wake. Nilichagua njia ya chini bila kumwambia. Alitambua tulipofika kwenye mteremko, lakini mwavuli ulikuwa mkononi mwangu.

Shimo limefurika mpaka kwenye gereji ya mwisho. Stephano alikuwa ndani ya maji mpaka magotini, na wenzake wakivuta wavu. Wavu ulikuja na kambale, na oili ikiwachuruzika kama kinyesi, na kati yao kasha jeusi la betri, limepasuka. Mmoja alilitoa, akalirudisha majini.

Stephano akainua kichwa, akaona kanga za jumuiya, na mdomo wake ukafanya kazi uliyoizoea.

"Shikamooni, mama zangu! Karibuni, wa Nyasa hawa!"

Halafu akatambua alipo. Wenzake walicheka mpaka wakaachia wavu.

Getrude hakuitikia salamu. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia maneno, Nicholaus, maneno niliyoyanoa mwezi mzima. Akaniwahi.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua."

"Nani asiyejua? Pua ninayo na mimi."

"Sasa kwa nini, mkwe?"

Akaniambia kitu ambacho hajawahi kuniambia tangu tuozane watoto. Kabla ya Allen alizika wawili, wote walizaliwa kimya, wote masika. Kwa Allen aliweka nadhiri hii hii, hakuna nyama Kwaresima nzima, akala dagaa na magege wa ziwani, na Allen akazaliwa analia. "Nikaambiwa nyumba nzima ishike," alisema. "Nikashika. Sasa ziwa halitoi, mwaka huu. Ningefanya nini? Ningemwambia Mungu samaki wamekosekana? Nilishasema, Benadetha. Ukishasema umesema."

Hajawahi kuniita kwa jina langu.

Ningependa kukuandikia kwamba dharau ilinitoka. Haikutoka. Niliona mwanamke mzima, mwenyekiti, anayejua sala zote za novena, ambaye alisikia harufu ya mafuta ya taa kwenye chungu chake kila siku na kumpakulia mwanangu, kwa sababu alimwogopa Mungu kuliko alivyoiogopa betri. Nilimdharau. Na pia nilitaka kumshika mkono. Vyote viwili kwa pamoja, sijui kama uliwahi kusikia hivyo kwa mtu.

"Nipe mimi hiyo nadhiri," nilisema.

"Nadhiri si gunia la mahindi, umtwishe mwenzio."

"Mimi si mwenzio tu. Huyo ni mjukuu wangu vilevile. Sitaonja nyama mpaka azaliwe, si mpaka Pasaka tu. Wala samaki. Wewe umeahidi siku arobaini, mimi naongeza. Mungu wako atakataa nyongeza?"

Alifikiri. Kweli alifikiri, kama mtu anayepima kitambaa.

"Na Jacqueline?"

"Anakuja kwangu, anakula ninachompikia. Nyama, mayai, chochote."

"Mke wa mwanangu atoke kwangu kabla hajajifungua? Watu watasema nimemtesa. Watasema mimi ndiye."

Nilitazama kambale wakiruka kwenye matope. Wewe ndiwe, nilitaka kusema. Ningetamka hivyo, angekataa, na angechukua mwavuli wake akaondoka.

"Sema mimi naumwa," nilimwambia. "Sema tangu Nicholaus afe kichwa changu si kizuri. Sema nahitaji mtu wa kunitazama."

"Hilo wataliamini," alisema.

1 Aprili, Jumatano

Amemleta. Hakumleta kimyakimya. Alipita katikati ya mtaa, begi kichwani mwake mwenyewe, Jacqueline nyuma, na kila mlango alisimama kueleza. Mkwe wangu amechanganyikiwa. Ujane umempanda kichwani. Mlisikia alivyomlisha mtoto pilau? Si kosa lake, maskini. Tumeona bora binti yake akae naye.

Nilisimama barazani nikasikiliza sifa zangu zikipanda kilima.

"Nimekuletea muuguzi wako, mkwe," alisema kwa sauti kubwa. Halafu, akishusha begi, kwa sauti ndogo: "Jana nilimpa mayai. Usimwambie mtu."

3 Aprili, Ijumaa Kuu

Akina mama wa jumuiya wamekuja kunipa pole ya kichwa. Waliongea nami taratibu, kwa maneno mafupi, kama unavyoongea na mtoto au na mlevi. Mmoja aliniuliza leo ni siku gani. Nikamjibu, akamtazama mwenzake akatikisa kichwa kwa furaha.

Baadaye wakaenda kula. Walikuwa wameandaa chakula cha pamoja ukumbini, harufu imefika mpaka huku. Nilimwomba yule niliyezoeana naye asile. Akanipigapiga begani: "Pumzika, Mama Jacqueline."

Ndivyo ilivyo. Mji mzima unaamini nimechanganyikiwa, na mji mzima unaendelea kula. Rukaiya anataka kwenda kunitetea. Nimemkataza. Nikionekana nimepona tu, Getrude atalazimika kumrudisha Jacqueline kwake.

5 Aprili, Pasaka

Nicholaus,

Nimempikia Jacqueline mbuzi na ndizi. Amekula, akaomba tena. Midomo inaanza kurudi rangi. Mimi nimekula ugali na maharage mezani kwake, na harufu ya mchuzi ilikuwa nzuri sana, sitakudanganya.

Jana muuguzi mwenye miwani alipita nyumbani. Nilimuuliza kilichokwishaingia kitatoka au hakitatoka. Alisema hajui. Alisema mtoto akizaliwa atampima mwenyewe, atamtazama akikaa, akitambaa, akianza kutamka, na kwamba tumemwachisha mama yake samaki mapema kuliko wengi. Nimempenda kwa kusema hajui. Ni mtu wa kwanza msimu huu.

Sasa hivi Jacqueline ameniita niweke mkono. Mtoto alikuwa anapiga upande wa kulia, kwa nguvu, kama anayetaka kufunguliwa. Nimeuacha mkono pale mpaka Jacqueline akasinzia.

Wewe uko karibu zaidi na wenye kusikia. Hapa wanaonitaja wananitaja kwa kichwa kibovu, na nimewaruhusu. Ukimwombea huyu mtoto, usinisahau na mimi.